Sura ya Saba: Jani Jekundu Mlangoni

"Kesho," akasema Mzee Maeng. "Kesho asubuhi niulize chochote, nitakujibu. Leo sina neno."

Mkaguzi Tak Hye-ran alimtazama yule mzee aliyekaa upande wa pili wa meza. Maeng Deok-su alikuwa mlinzi wa Kasri la Hwaryeong, katikati kabisa ya Seoul, na hakuna aliyebaki pale aliyeanza kazi kabla yake. Alikuwa bado na sare yake. Mkanda na kamba za viatu ndivyo walivyomvua, na miguu ilikuwa inacheza ndani ya viatu kama ya mtoto aliyevaa vya baba yake.

"Kesho tutakuwa tumechelewa, mzee wangu. Alasiri hii faili lako linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Likishatoka hapa, mimi siwezi kulirudisha. Kazi utakuwa huna, na kiinua mgongo chako ndiyo basi tena."

"Kiende."

"Kisanduku kiko wapi?"

"Kesho."

Sajini Bong Sang-gil alikuwa ameegemea mlango, kikombe cha kahawa mkononi. "Babu, hii siyo hoteli uchague siku ya kuondoka."

"Kahawa yenu mbaya," akasema Maeng, "lakini chumba kina joto. Sina haraka."

Tak akafunga faili. Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jumanne, siku ambayo kasri halipokei wageni, mtu aliingia chumba cha malkia akachukua kisanduku cha kushonea, cha zamani, cha mbao iliyopambwa kwa vipande vya kombe la chaza. Jumatano asubuhi mfagiaji akakuta pahali pake patupu. Kufuli la mbele lilikuwa zima. Ufunguo alikuwa nao Maeng siku nzima, na Maeng alipoulizwa hakukubali wala hakukataa.

"Ni yeye, Afande," akasema Bong walipotoka kwenye korido. "Mtu asiye na hatia anapiga kelele. Huyu ametulia kama anasubiri basi."

"Anasubiri kweli. Ila sijui anasubiri nini."

"Pesa. Mwenzake anauza, yeye anavuta muda."

"Pembeni ya kisanduku kulikuwa na chetezo cha jiwe la kijani. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Mwizi ana ufunguo, ana siku nzima, na mbele yake kuna chetezo ambacho wanunuzi wangepigania. Anakiacha, anachukua sindano na nyuzi. Wewe ungefanya hivyo?"

Bong akanywa kahawa yake. "Mimi ningechukua vyote," akasema.

Simu yake ikalia kabla hajamaliza. Muuza vitu vya kale mmoja alikuwa amepata mtu anayeuza kisanduku cha chaza, na mtu huyo bado alikuwa dukani. Bong alikimbia mpaka kahawa ikammwagikia kwenye shati. Tak akaenda kasri peke yake.

Lango kubwa lilikuwa limejaa wasichana waliokodi nguo za kale ili waingie bure, sketi zimetuna, wanapigana picha na majengo ya vioo yakiwa yamesimama nyuma ya paa. Bwana Pyo, naibu msimamizi, alimpokea kwa kuinama mara mbili na kulalamika mara tatu. Wageni wanauliza kwa nini chumba cha malkia kimefungwa. Waandishi wa habari wamepiga simu. Wizara imepiga simu.

"Mzee amekiri?" akauliza.

"Bado. Nifungulie."

Wakavua viatu. Ndani kulikuwa na harufu ya mbao kavu na moshi kidogo. Jana yake, Tak alipokuja mara ya kwanza, mawingu yalikuwa yametanda na chumba kizima kilikuwa na rangi ya majivu. Leo kulikuwa na jua. Akakaa sakafuni katikati ya chumba, akakunja miguu, akatulia.

"Unatafuta nini?" akauliza Pyo.

"Sijui bado. Jumanne mliwasha moto chini ya sakafu?"

"Kila siku ya kufunga tunawasha. Bila moto unyevu unakula mbao. Kazi hiyo ni ya Maeng. Anawasha, anakaa na kuni zake, anazima."

"Kwa hiyo Jumanne sakafu hii ilikuwa ya moto."

"Unaweza kukausha nguo."

Tak akazungusha macho. Mlango wa mbele, wenye kufuli. Upande wa mashariki, mlango mdogo wa fremu za mbao, uliobandikwa karatasi kwa ndani na kufungwa kwa kulabu la chuma. Jana kulabu lilikuwa ndani ya pete yake, na kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, alilitazama akapita. Mlango uliofungwa kwa ndani haukupitwa na mtu. Hivyo ndivyo alivyoandika.

Jua lilikuwa linapanda ukuta wa nje. Lilifika kwenye karatasi ya chini, likasogea, likafika usawa wa pete ya kushikia. Hapo Tak akaona kivuli.

Kilikuwa kidogo, na ncha zake zilikuwa kama vidole vya mtoto mchanga. Akasogea kwa magoti. Ndani ya karatasi, katikati ya tabaka la chini na kipande kilichobandikwa juu yake, kulikuwa na jani jekundu. Jua lilipozidi akaona na kitu kingine: mstari mwembamba wa kisu unalizunguka lile jani kama mwezi mchanga. Uwazi unaotosha mkono wa mwanamke kupita.

"Bwana Pyo. Milango ya hapa huwa mnatia majani?"

"Majani?" Pyo akaja akainama. Halafu akasema, kwa hasira ya mtu aliyekuta doa kwenye nguo ya sherehe, "Hii si kazi yetu. Hapa ni kasri."

Nyumbani kwao Tak, karatasi za milango zilipobadilishwa wakati majani yanapukutika, mama yake aliweka jani kando ya pete, akabandika kipande kingine juu. Pale ndipo mikono inapogusa na karatasi kuchakaa, kwa hiyo inahitaji nguvu zaidi, na jani linafurahisha macho wakati wote wa baridi. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Milango ya malkia haikufanyiwa hivyo.

Akasimama, akalitoa kulabu kwenye pete, akalisimamisha wima dhidi ya ubao. Akatoka nje kwa mlango ule, akaufunga kwa kishindo. Ndani kulisikika mlio mdogo wa chuma.

"Sukuma," akamwambia Pyo kupitia karatasi.

Pyo alisukuma. Mlango haukutikisika. Kulabu lilikuwa limeanguka lenyewe ndani ya pete.

Tak alizunguka akaingia tena kwa mbele. "Mtu alikata karatasi kwa nje, akaingiza mkono, akafungua. Alipomaliza shida yake, akaziba alipokata kwa ndani, mlango ukiwa wazi. Gundi ikakauka kwa joto la sakafu. Akafunga kwa nguvu, akaenda zake. Ufunguo hauhusiki. Sasa niambie, nani anabandika karatasi za milango hii?"

"Watu wa kujitolea. Mwezi uliopita walibandika yote." Pyo alikuwa amepauka. "Kulikuwa na mama mmoja alitia jani. Nilimwambia alitoe. Nikamwambia hapa siyo kwa bibi yako. Akacheka, akasema mkono wake ndio umezoea, haumsikii yeye."

"Mama gani?"

"Bi Ok. Ana duka la kukodisha nguo, palepale mbele ya lango. Lakini Jumanne tulikuwa tumefunga, Mkaguzi. Angeingiaje?"

"Lango dogo la wafanyakazi Jumanne anafungua nani?"

"Maeng," akasema Pyo.

Simu ya Tak ikatetemeka. Ilikuwa Bong. "Afande, kisanduku nimekipata, lakini si chetu. Chaza yenyewe plastiki. Ukikifungua kinapiga muziki, na kuna kibinti kinazunguka."

"Mwenyewe umemfanya nini?"

"Nimemwomba radhi. Alikuwa anauza cha mke wake, nadhani huko nyumbani ndiko atakakokamatwa."

"Rudi kituoni. Faili la Maeng lisitoke mpaka nije."

"Gari la alasiri halisubiri mtu."

"Lizuie. Tafuta uongo wowote."

Duka la Bi Ok lilikuwa na mlango wa karatasi nyuma ya kioo, kwa ajili ya urembo, na kando ya pete yake kulikuwa na majani mawili mekundu. Tak aliyatazama, kisha akaingia.

Ok Sun-rye alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, pini mdomoni, anamfunga msichana mmoja utepe wa kifuani. "Simama wima, binti. Ukijikunja hivyo hata mfalme atakupita akidhani wewe ni mzigo." Msichana akacheka. Bi Ok akampiga kofi dogo mgongoni, akamsukuma nje kwa wenzake. Kisha akamwona Tak na akatoa pini mdomoni.

"Karibu, dada. Nguo ya kukodi au ya kushona?"

"Mimi ni Mkaguzi Tak, wa polisi. Nina maswali machache."

"Basi keti. Umekula?"

"Bado."

Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko dogo na sahani pana ya vipande vya samaki na mumunye, vimechovywa kwenye yai na kukaangwa, bado vinatoa mvuke. Harufu ilijaa duka zima. Bi Ok aliitazama sahani, akasita, akamimina chai ya shayiri, akaileta kwa mikono miwili.

Tak akanywa. "Vinanukia."

"Vya jioni hivyo."

"Bi Ok, mimi nimekulia mji huu. Nikisema sijala mahali penye sahani ya moto, nalazimishwa mpaka nishindwe kuinuka. Wewe umenipa chai. Hivyo si vyetu sisi tulio hai. Leo ni siku ya marehemu yupi?"

Bi Ok akaanza kukunja utepe ambao tayari ulikuwa umekunjwa. "Mama yangu," akasema. "Aliyenilea. Usiku huu ndiyo kumbukumbu yake, namwandalia meza."

Usiku huu. Hapo Tak akaielewa ile kesho ya Mzee Maeng. Akaweka kikombe chini polepole.

"Mlango wa mashariki wa chumba cha malkia," akasema, "una jani kama haya ya kwako hapa."

"Lipi?"

"Kando ya pete. Juu ya pale palipokatwa."

Bi Ok alitazama mlango wake mwenyewe, halafu akautazama mkono wake wa kulia, upande wa juu na wa kiganja, kama mkono wa mtu mwingine. "Nilitia jani?"

"Ulitia."

"Sikumbuki. Nilikuwa natetemeka, gundi inanimwagikia, nasikia Maeng anakohoa huko kwenye kuni. Nilikuwa na jani mfukoni?" Akacheka, na kicheko hakikufika mwisho. "Naibu Pyo alinigombeza kwa ajili ya jani. Mbele za watu. Na bado nikatia."

"Kwa nini ulikichukua?"

"Nilikiazima. Jumanne ijayo kingekuwa mahali pake, na karatasi ningebandika upya. Na jani nisingetia." Akafuta macho kwa utepe. "Ni cha mama. Walimpeleka kasri akiwa mtoto, akakua anashona humo ndani mpaka hakukuwa na malkia wa kumshonea. Alitoka na kisanduku hicho tu."

"Kiliingiaje kasri tena?"

"Niliwapa mimi."

Nje wasichana walikuwa wanapiga kelele za picha.

"Mama alikuwa hospitali," akasema Bi Ok. "Watu wa kasri wakaja, wamevaa tai, wakaniita mheshimiwa. Wanataka vitu vya zamani vya maonyesho. Mimi nikakiona ni kikuukuu, kimepasuka kona, nikawapa. Nikapigwa picha. Mama aliporudi kuugulia nyumbani, jambo la kwanza: kisanduku changu kiko wapi? Nikamwambia kipo juu ya kabati. Hakuwa anaweza kuinuka aone. Kila siku ananiuliza, kila siku namwambia juu ya kabati. Amekufa anatazama juu ya kabati, Mkaguzi."

"Hukuomba wakuazime?"

"Kila mwaka. Usiku mmoja tu, nikiweke kwenye meza yake akione. Naibu anasema mali ya taifa hailali nje."

"Na Mzee Maeng?"

"Maeng hajui kitu. Nilimwambia nakuja kumsaidia kuni. Maskini, ana mafua, eti? Tangu jana asubuhi simwoni langoni. Nataka nimpelekee supu."

"Hana mafua. Yuko mahabusu kwetu."

Pasi ya mvuke ilikuwa inalia pembeni. Bi Ok akaenda akaichomoa kwenye umeme. Alikaa na waya mkononi.

"Kwa ajili ya kisanduku?"

"Ufunguo alikuwa nao yeye. Alasiri hii wanampeleka kwa mwendesha mashtaka."

"Lakini si angesema nilikuwepo! Amewaambia nini?"

Tak alikuwa na neno moja la kumjibu: kesho. Akilisema, huyu mama atatazama saa, atatazama sahani, atajiambia labda mzee anaweza kuvumilia usiku mmoja. Na gari lingekuwa limeondoka na jina la Maeng.

"Hajasema kitu," akajibu.

Bi Ok akaburuta kigoda mpaka chumba cha nyuma. Kulikuwa na kabati refu la nguo, na juu yake, chini ya kitambaa cheupe, palikuwa na kitu cha mraba. Alipanda. Tak akamshikia kigoda.

"Tangu Jumanne kiko hapa," akasema Bi Ok akiwa bado juu, mikono imekizunguka kisanduku. "Nilisema angalau siku hizi chache, mtu akimuuliza mama huko aliko kisanduku chake kiko wapi, akisema juu ya kabati iwe kweli."

Akashuka. Chaza iliwaka kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Kona moja ilikuwa imepasuka.

"Meza unaweza kuiandaa sasa," akasema Tak. "Inama, mwambie unayotaka kumwambia. Nitakusubiri nje."

"Mchana?" Bi Ok akatikisa kichwa. "Marehemu wanakuja usiku, dada. Tunafungua mlango, tunawaachia njia. Mchana huu nitamwinamia nani, wewe?"

Hakusema kwa ubaya. Akakifunga kisanduku kwa kitambaa, akakaza mafundo. Halafu akarudi jikoni, akavipanga vile vipande vya samaki na mumunye kwenye chombo cha kubebea, vyote, mpaka sahani ikabaki na mafuta tu. Tak aliona na hakuuliza.

Kituoni, gari lilikuwa uani na dereva anagombana na Bong, aliyekuwa amesimama mbele ya taa zake akidai muhuri wa faili umepotea. Kwenye korido Mzee Maeng alikuwa ameketi kwenye benchi, pingu mkononi, tayari kwa safari. Aliinua kichwa. Hakumtazama Tak. Alimtazama Bi Ok, kisha kitambaa cheupe, kisha dirisha, kuona jua liko wapi.

"Nilikwambia kesho," akamwambia Tak. Sauti ilikuwa ya chini sana. "Kwani ningekufa? Ulikuwa umebaki usiku mmoja tu wa kulala humu. Mmoja."

"Ungepoteza kila kitu, mzee wangu."

"Vilikuwa vyangu."

Tak akachukua ufunguo akamtoa pingu. Kuhusu lango dogo bado angehojiwa, lakini si kwa wizi. Alimweleza hivyo, na Maeng akaitikia kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichonunua.

Bi Ok alikuwa amesimama mbele yake. "Ulijua, kaka?"

"Nilisikia karatasi inakatwa. Nikakohoa ili ujue niko mbali."

Bi Ok alikaa kando yake. Kisanduku akakiweka kwenye benchi, katikati yao, akafungua chombo cha chakula. "Umekula?"

"Bado." Harufu ikamfikia, akarudi nyuma. "Hivi si vya... Ok Sun-rye, hivi haviliwi kabla yake."

"Kula."

"Mama yako hajaonja."

"Na wewe hujala tangu jana. Kula, kaka."

Maeng alichukua kipande cha samaki kwa vidole. Hakukipeleka mdomoni. Akakiweka juu ya kifuniko cha chombo, akakisogeza mbele ya kisanduku, taratibu, kwa mikono miwili, akarudisha mikono yake magotini. Bi Ok akainamisha kichwa. Wote wawili wakakaa hivyo, wanangoja.

Bong akatokea uani anahema, akakiona kisanduku, akanyoosha mkono akichukue kama kielelezo. Tak akamshika kifundo cha mkono.

"Waache wamalize," akasema.

Dirishani jua lilikuwa bado kali.